Apande bodaboda wakili, siyo karatasi

Dirisha la maombi ya mikopo ya elimu ya juu likifunguliwa, steshenari za kando ya barabara ya Himo kwenda Mwanga hujaa vijana waliomaliza kidato cha sita. Maombi hujazwa mtandaoni, ila mtandao haumalizi kazi. Fomu lazima ichapwe, ipite kwa watu watie saini, kisha kurasa zilizosainiwa ziskaniwe na kurudishwa kwenye mfumo wa Bodi ya Mikopo. Kwa kijana wa Kileo, saini za mwanzo hazisumbui. Mdhamini ni mjomba au baba mdogo. Mwenyekiti wa kijiji huenda yuko shambani, lakini atatoka, maana anayempa shikamoo ni mtoto aliyemwona akikua. Inabaki sehemu ya Kamishna wa Viapo, ambaye karibu kila mara ni wakili, na huyo humfuati kwa miguu.

Kileo ni kata ya tambarare katika Wilaya ya Mwanga, wilaya iliyozaliwa mwaka 1979 Wilaya ya Pare ilipogawanywa, Same ikabaki upande wake na Mwanga ikapata wake. Ukitaka wakili unapanda gari kwenda Mwanga mjini, au unageukia upande wa pili, Moshi. Nauli ya kwenda na kurudi, ada ya wakili, fotokopi, chai ya kusubiria: familia inayoomba mkopo kwa kuwa haina fedha inaanza kwa kuzitoa. Ndiyo maana imezoeleka njia ya mkato, na siyo Kileo peke yake. Nchi nzima inaijua. Bahasha inakabidhiwa kwa mwendesha bodaboda au kwa jamaa anayekwenda mjini, jioni inarudi imegongwa muhuri. Kijana hakutoka kijijini, wakili hakutoka ofisini. Iliyosafiri ni karatasi.

Nasema safari hiyo igeuzwe. Karatasi ikae na mwenyewe, wakili ndiye apande bodaboda.

Kimeapwa wapi?

Hati ya kiapo ya Kitanzania ina sura inayojulikana. Inaanza kwa "Mimi fulani, mtu mzima, Mkristo, mkazi wa Kileo, naapa na kueleza kama ifuatavyo". Kwa Muislamu, desturi yetu ni kuthibitisha badala ya kuapa, na hati huandikwa hivyo. Zinafuata aya zenye namba, kila aya na jambo lake. Halafu mwenye hati anathibitisha kuwa aliyoyasema ni ya kweli kwa kadiri anavyojua, anatia saini au dole gumba. Mwisho kabisa kuna kipande kifupi ambacho wengi hawakisomi: kiapo kimeapwa wapi, tarehe ngapi, na nani, kama kamishna anamfahamu mwapaji yeye mwenyewe au ametambulishwa kwake na mtu anayemfahamu. Chini yake jina la kamishna, saini, anuani na muhuri.

Mwananchi huutazama muhuri. Wanasheria hutazama kipande hicho kifupi. Sura ya 12 ya sheria za Tanzania, inayowahusu manotari na makamishna wa viapo, ni sheria iliyorithiwa kutoka enzi za Waingereza, na kifungu chake cha 8 hakina mzunguko: kamishna aandike jina lake na aeleze kwa ukweli mahali na tarehe kiapo kilipochukuliwa. Mwaka 2002, katika shauri la D.B. Shapriya & Co. Ltd dhidi ya Bish International B.V., Mahakama ya Rufani ilikataa kiapo ambacho sehemu hiyo haikuonyesha mahali kilipoapwa. Hayo yalikuwa makampuni makubwa yenye mawakili wao, na bado ombi likaanguka kwa kukosa jina la mji.

Sasa irudie bahasha yetu. Imeandikwa "kimeapwa hapa Moshi", na siku hiyo mwenye kiapo alikuwa Kileo anapalilia mahindi. Kwenye fomu ya mkopo huenda asitokee wa kuuliza. Lakini kiapo hichohicho kikiwa cha shamba, na shamba likiwa na mgogoro, wakili wa upande wa pili atasimama na kumuuliza mzee swali dogo tu: uliapa wapi, mbele ya nani? Mzee mkweli atajibu kuwa alisaini nyumbani, mjukuu akapeleka mjini. Hapo kesi imepata ufa, na mzee wa watu hata hajui amekosea nini. Kibaya zaidi, Kanuni ya Adhabu inaweza kumpeleka gerezani hadi miaka saba mtu anayeapa uongo mahakamani. Sasa unaanzaje kumtisha mwananchi kwa kifungo asiape uongo, wakati hati yenyewe imedanganya mahali ilipoapiwa?

Jambo ambalo mawakili wengi wanalijua na wananchi wachache wameambiwa ni hili: sheria haimfungi kamishna kwenye meza yake. Inachotaka ni ukweli wa mahali. Wakili mwenye cheti hai akifika Kileo, akakaa ofisi ya mtendaji au kwenye benchi chini ya mwembe, akamwapisha mtu na kuandika "kimeapwa hapa Kileo", hati hiyo ni nzuri sawa na iliyoapiwa ghorofani katikati ya Dar es Salaam. Kwa maoni yangu ni nzuri zaidi, kwa sababu nitakazozitaja.

Wenzetu wanavyofanya

Marekani kazi hii ni biashara kamili. Notari wa kule kwa kawaida siyo mwanasheria. Ni raia aliyeidhinishwa na jimbo lake kushuhudia saini na kuapisha, na wapo maelfu wanaoishi kwa kuwafuata watu walipo: wodini, nyumba za wazee, magerezani, mezani jikoni kwa mtu anayenunua nyumba kwa mkopo wa benki. Analipwa kwa saini na kwa safari. Jimbo la Virginia lilikwenda mbele zaidi. Mwaka 2011 lilipitisha sheria ya kuruhusu notari ashuhudie saini kwa video, na corona ilipoingia mwaka 2020 majimbo mengi yakafuata njia hiyo. Ufaransa ni kinyume chake, notari ni mtu mzito, ofisa wa umma, na hati yake ina nguvu ya pekee mahakamani. Kongo nayo ilirithi mfumo wa namna hiyo kupitia kwa Wabelgiji.

Sisi tuko katikati. Hapa Tanzania Bara, notari na kamishna wa viapo karibu kila mara ni wakili yuleyule, mwenye shahada ya sheria, aliyepita Taasisi ya Uanasheria kwa Vitendo, akaapishwa na Jaji Mkuu, na ambaye kila mwaka hulipia upya cheti chake. Mahakimu nao huapisha, na wengi wa vijijini huenda Mahakama ya Mwanzo kuapa viapo vya kuzaliwa. Kwa hiyo idadi ya wanaoweza kugonga muhuri haitofautiani sana na idadi ya mawakili. Daftari la mawakili limeshapita majina 10,000, lakini majina hayo yamejazana mijini, Dar es Salaam ikiongoza. Mmarekani humwita notari nyumbani ili asisumbuke kutoka. Bibi wa Kileo asipofuatwa, kuna uwezekano mkubwa akaishi na kufa bila kuketi mbele ya kamishna hata mara moja, ingawa dole lake liko kwenye hati tatu.

Mkoba wa wakili

Wakili anayezunguka hahitaji vitu vingi. Muhuri wa mpira. Pedi mbili za wino, moja ya muhuri na nyingine ya madole, kwa sababu ukichanganya zote zinaharibika. Kalamu za bluu, ili saini halisi ijitenge na fotokopi. Nakala ya cheti chake cha mwaka huo. Daftari la kuandika kila aliyemwapisha: jina, namba ya kitambulisho, aina ya hati, mahali, tarehe. Simu yenye chaji. Na kitambaa cha kufutia vidole, kitu ambacho hakifundishwi chuoni.

Kitambaa hicho nakitaja kwa makusudi. Dole la mtu aliyeshika jembe miaka 50 lina nyufa, na mistari yake imelika. Ukilibandika kwenye wino kwa nguvu, kwenye karatasi linatoka doa jeusi lisilotofautiana na la mtu mwingine yeyote. Anayeijua kazi humwomba mwenyewe anawe mikono kwanza, akauke, kisha analishika dole kwa upole na kulizungusha kutoka ukingo mmoja wa ukucha hadi wa pili, wino kidogo tu, mara moja. Akiona halikutoka, anatafuta dole la mkono wa pili na kuandika kuwa ni la mkono gani. Kazi ya dakika mbili. Katika ofisi yenye foleni ya wanafunzi 30, dakika hizo hazipo. Kwa bahasha iliyoletwa na bodaboda, hata dole lenyewe halipo.

Kusoma hati ndiko kunakokula muda. Mtu asiyejua kusoma asomewe yote, kwa lugha anayoielewa, na hati iseme kuwa alisomewa. Siku hizi Upare mzima unasema Kiswahili, lakini wapo wazee ambao habari za shamba na za ukoo wanazifikiri kwa Chasu, na ukiwasomea Kiswahili cha kisheria wanaitikia kwa heshima tu. Atafutwe mkalimani, naye asiwe mwenye maslahi. Mtoto anayeuziwa shamba hawezi kuwa ndiye anayemfasiria mama anayeliuza. Na swali la "Bibi, umeelewa?" halitoshi, maana jibu lake linajulikana. Swali linalofaa ni "Bibi, hebu niambie mwenyewe, karatasi hii inafanya nini?" Akisema inampa mjukuu ruhusa ya kulima msimu huu, na karatasi inasema ameuza moja kwa moja, muhuri unarudi mkobani.

Hapo ndipo naona kiapo cha kijijini kinakizidi cha mjini. Mjini, bibi huletwa. Amekaa kwenye gari la mtu, amenunuliwa chakula na mtu, na mtu huyohuyo amesimama nyuma ya kiti chake wakati anaulizwa kama anasaini kwa hiari. Atasema nini? Wakili aliyekwenda kwake ana uwezo wa kuwaambia wote wakasubiri uwanjani. Anaona nyumba, anaona jirani anachungulia kwa wasiwasi, anaona kama shamba linalotajwa kwenye hati linalimwa na mtu mwingine kabisa. Akitaka anatembea hadi mpakani. Huku kwetu mipaka mingi bado inashikwa na masale, na kama hati inasema shamba linaishia kwenye mfereji na masale yamepandwa hatua 20 kabla ya mfereji, kuna mtu hajaambiwa jambo.

Kisha yapo majina. Kazi kubwa ya viapo vya kijijini, ukiacha mikopo ya wanafunzi, ni kurekebisha majina. Mtu mmoja ni Elibariki kwenye kadi ya kliniki, Elibarick kwenye cheti cha kidato cha nne, na Eliberick kwenye kitambulisho cha NIDA, kwa sababu kila karani aliandika alivyosikia. Mwingine ni Rajabu Twaha nyumbani na Rajab Toha kwenye mafao ya marehemu baba yake. Kiapo kinaweza kueleza kuwa majina yote ni ya mtu mmoja, na kwa ofisi nyingi hilo linatosha. Lakini anayetaka kuliacha jina moja na kushika lingine moja kwa moja anahitaji hati ya kubadili jina, isajiliwe kwa Msajili wa Hati, Wizara ya Ardhi. Wakili mwaminifu anaieleza tofauti hiyo kabla ya kupokea fedha. Asiye mwaminifu anagonga kiapo, na baada ya miezi miwili mteja anarudi akiwa amekataliwa, analipa tena.

Muhuri usichoweza kufanya

Hapa lazima niwavunje moyo wanaodhani muhuri wa wakili ni dawa ya kila kitu. Mauziano ya ardhi ndiyo mfano mkubwa. Sehemu kubwa ya ardhi ya kata kama Kileo ni ardhi ya kijiji, chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 ya mwaka 1999, na msimamizi wake ni halmashauri ya kijiji. Wanunuzi kutoka mjini huja na mkataba uliopigwa chapa vizuri, mashahidi wawili, muhuri wa wakili unang'aa, wakadhani wamemaliza. Tangu mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ilishasema kuwa mauziano ya ardhi ya kijiji bila idhini ya halmashauri ya kijiji ni batili, na msimamo huo umerudiwa katika kesi baada ya kesi. Wakili akishuhudia saini anathibitisha kwamba fulani na fulani walisaini mbele yake. Hathibitishi kwamba muuzaji ana haki ya kuuza.

Nyumba ya familia nayo ina mlango wake. Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinamzuia mume au mke kuiuza au kuiweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Benki zinalijua hilo, kwa hiyo kwenye faili la mkopo huwa kuna hati ya ridhaa ya mwenza, imeapwa kwa wakili. Jiulize ni hati ngapi za namna hiyo zilisainiwa na mke mwenyewe, akiwa amekaa, akiwa amesomewa. Kesi za wake wanaofika mahakamani kusema "saini hii siyo yangu" ziko nyingi, na hakimu akianza kufukua anakuta kamishna hakumwona mama huyo hata siku moja. Wakili angefika nyumbani angemkuta sebuleni.

Kuna pia ushuru wa stempu, ambao wengi wanauchanganya na muhuri wa wakili. Ni vitu viwili. Hati inayostahili kulipiwa ushuru ikikosa kulipiwa haipokelewi mahakamani kuwa ushahidi mpaka deni lilipwe, hata ikiwa na mihuri mitano.

Jambo ambalo halina mbadala wa kusafiri ni wosia. Mgonjwa aliye kitandani hawezi kupanda Noah kwenda Moshi. Kwa wanaofuata sheria ya mila, Tangazo la Serikali Namba 436 la mwaka 1963 liliweka masharti ya wosia wa maandishi: anayejua kusoma na kuandika awe na mashahidi wasiopungua wawili, mmoja wa ukoo na mmoja wa nje, asiyejua, mashahidi wanne, wawili wa ukoo na wawili wa nje. Shahidi mmoja tu akikosekana, wosia unaanguka, na ukoo unarudi kwenye mgawanyo ambao marehemu hakuutaka. Masharti haya hayatimizwi na bahasha. Wakili aje, awahesabu mashahidi chumbani, awatenge wa ukoo na wa nje, awaandike majina, asome, asainishe wote wakiwa pamoja, akili za mgonjwa zikiwa timamu. Hapo siyo lazima awe wakili, sheria ya mila haimtaji, lakini niambie ni nani mwingine kijijini anaijua hesabu hiyo.

Na kwa Wapare wa Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na kwingineko, ambao shamba la baba liko nyumbani na wao hawapo, kuna hati ya kumpa mtu mamlaka ya kusimamia mali. Hati hii ndiyo inayofukarisha koo. Wanaigonga haraka, imeandikwa kwa upana usio na mpaka, mdogo mtu anapewa uwezo wa "kuuza, kukodisha na kutenda lolote". Ombi langu kwa mawakili wanaoiandika: iwekeni mipaka. Taja shamba, taja kazi, taja mwisho wake.

Kwa nini hawaji?

Zipo sababu za haki. Kanuni za maadili ya mawakili za mwaka 2018 zinambana wakili katika kujitangaza na zinamkataza kuwinda wateja. Hawezi kwenda kwenye gulio na kipaza sauti akanadi viapo kama anavyonadi muuza mitumba. Hilo ni jema. Lakini wengi wamelichukua kwa maana ya kwamba kutoka ofisini kwenyewe ni utovu wa hadhi, na hilo kanuni hazisemi. Kuitwa na mwenye shida, au kualikwa na ofisi ya kata, siyo kuwinda mteja.

Sababu ya pili ni fedha. Kiapo kimoja hakilipi mafuta ya gari. Ishirini kwa siku moja vinalipa. Hesabu hii inajibiwa na ratiba: kata ikitangaza kwamba Jumamosi fulani wakili atakuwepo ofisi ya mtendaji kuanzia asubuhi, watu watajikusanya wenyewe, na gharama ya safari itagawanywa kwa wengi. Mwanafunzi aliyekuwa anapoteza nauli na siku nzima atalipa ada peke yake. Ada nayo ibandikwe mlangoni. Ipo Amri ya Malipo ya Mawakili ya mwaka 2015, na hakuna sababu ya bei kubadilika kwa kutazama viatu vya mteja.

Sababu ya tatu haisemwi kwa sauti: karatasi iliyoletwa na bodaboda ni rahisi. Haiulizi maswali, haihitaji kunawa mikono, haina mkalimani, hailii. Unagonga 15 kabla ya chai. Wakili anayejiheshimu anajua kuwa kila muhuri wa namna hiyo unaweza kumfikisha kwenye Kamati ya Mawakili kujieleza, lakini mazoea yana nguvu, na mteja mwenyewe ndiye anayeyalilia.

Serikali na Mahakama zimeonyesha kuwa huduma inaweza kutembea. Mwaka 2019 Mahakama ilizindua mahakama inayotembea, magari maalumu yenye ukumbi wa kusikilizia kesi, yakaanzia Dar es Salaam na Mwanza. Mwaka 2023 ikazinduliwa Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia, ambayo timu zake zimekwenda mikoani hadi ngazi ya kata na vijiji kusikiliza migogoro ya ardhi, ndoa na mirathi. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imewatambua wasaidizi wa kisheria, ambao wengi wanaishi vijijini na wanazijua shida za majirani zao. Lakini kampeni huja na kuondoka, na msaidizi wa kisheria hana mamlaka ya kuapisha. Anaweza kuandaa watu: kukagua kama vitambulisho vimekuja, kueleza tofauti ya kiapo na hati ya kubadili jina, kumwandaa mkalimani. Wakili akifika Jumamosi yake, akute kazi imeshachambuliwa.

Wapo watakaosema teknolojia itamaliza tatizo, kwamba Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inatambua saini ya kielektroniki, kwa hiyo tusubiri kuapa kwa video. Kwa mfanyabiashara wa Posta, Dar es Salaam, sawa. Kwa bibi aliyezungukwa na wajukuu wanaolitaka shamba, kamera inaona uso wake tu. Haioni aliyesimama nyuma ya simu.

Kwa hiyo naiomba TLS, Chama cha Mawakili cha Tanganyika, na hasa wanachama wake wa Kilimanjaro, wakae na Halmashauri ya Wilaya ya Mwanga wapange ratiba ya kata kwa kata, kuanzia msimu wa mikopo ya wanafunzi, maana hapo ndipo mahitaji yanaonekana kwa macho. Kileo iko barabarani, ianze. Kisha wapande milimani, Usangi na Ugweno, ambako mvua ikinyesha hata bodaboda husita. Wenzao wa Same wana Upare Kusini wa kutosha. Na watendaji wa kata wasisubiri barua kutoka juu; chumba kipo, meza ipo, kinachotakiwa ni kupiga simu.

Wewe msomaji, kabla ratiba hiyo haijaja, usisaini ukurasa mtupu, hata kwa ndugu yako. Ukifika kwa wakili, saini mbele yake, siyo nyumbani. Angalia kama ameandika jina lake, na kama mahali na tarehe ni za kweli. Vishoka wenye mihuri ya kuchongesha mtaani wapo, na hati zao hazina thamani siku ya shida. Mahakama imeweka mfumo wa e-Wakili mtandaoni, ambako mtu yeyote mwenye simu anaweza kutafuta jina la wakili na kuona kama cheti chake kiko hai. Kijana wa steshenari atakusaidia kuangalia ndani ya dakika moja. Usipoliona jina, chukua karatasi yako uondoke.